Usaili wa umeneja wa bidhaa: mwongozo kwa mwanafunzi wa biashara wa Moshi na Arusha

Ikishafika Mei, simu yangu haipumziki. Ni vijana wa mwaka wa mwisho, wengi wao kutoka Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi na wengine Chuo cha Uhasibu kule Njiro, na maswali ni yale yale. Lazima nijue kuandika programu? Wanauliza nini? Nitasema nini wakati sijawahi kuwa meneja wa kitu chochote? Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp za dakika saba saba, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Meneja wa bidhaa, kwenye kampuni ya programu, benki au mtandao wa simu, ndiye anayesema kitengenezwe nini kwanza, kwa ajili ya nani, na tutajuaje kimefaa. Hana amri juu ya mainjinia wala wabunifu, anawashawishi tu. Nadharia inatosha hapo.

Usaili wangu wa kwanza niliuharibu mwenyewe. Niliulizwa nitaiboreshaje huduma ya kulipia ada za shule kwa simu. Nikataja maboresho kumi na moja kwa dakika nne: vikumbusho, risiti, punguzo, gumzo na mwalimu, hata kalenda ya mitihani. Msaili, mama mmoja mpole, aliniacha nimalize, kisha akauliza, "Sawa mdogo wangu, huyo mzazi ni nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemtengenezea programu mtu ambaye sikuwahi kumfikiria. Karibu kila hatua utakayosoma hapa inatibu ugonjwa huo.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Wiki nne. Wiki mbili zinawezekana, ila utalala kidogo.
- Daftari la karatasi. Kwenye simu utaishia kunakili vitu vya watu.
- Mwenza wa mazoezi, afadhali wawili. Wawe watu wanaoweza kukwambia "hapo umedanganya" bila kuogopa kukukwaza.
- Matangazo ya kazi matatu au manne, hata kama muda wa kuomba umepita.
- Ripoti yako ya fildi. Usiitupe, tutaichimba hatua ya 8.
- Bando la kutosha saa moja ya video, na simu inayoweza kurekodi sauti.

Kitu ambacho hakimo kwenye orodha ni kozi ya kulipia. Kama bumu limebaki, nunua bando.

Hatua ya 1: Soma tangazo ukiwa na kalamu mkononi

Cheo kimoja kinabeba kazi tofauti. Kwa mtengenezaji wa sabuni au soda, meneja wa bidhaa mara nyingi ni mtu wa chapa: matangazo, bei, usambazaji. Kwenye baadhi ya benki ni mtu wa masharti ya mkopo au akaunti fulani, na wa kuyafundisha matawi. Kwenye kampuni ya programu ni ile kazi niliyoeleza hapo juu. Halafu kuna meneja wa mradi, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kilichokwisha kuamuliwa kinakamilika kwa muda na kwa bajeti. Watu wanaingia kwenye usaili wa kazi moja wakiwa wamejiandalia nyingine.

Pigia mstari vitenzi vya tangazo. Ukikuta "kuchambua, kuweka vipaumbele, kufanya kazi na mainjinia", uko mahali pake. Ukikuta "kuandaa kampeni, kusimamia mawakala wa matangazo", hiyo ni chapa. Omba ukipenda, lakini mwongozo huu hautakufikisha mbali.

Hatua ya 2: Chagua bidhaa tatu uzijue mpaka uvunguni

Moja iwe ya kampuni unayoiomba, moja ya mshindani wake, na moja unayoipenda tu. Pitia kila ukurasa. Kama ni huduma ya menyu, mfano M-Pesa, piga nyota 150 nyota 00 reli, chora kila hatua kwenye daftari, kisha hesabu mara ngapi mtu anabonyeza mpaka pesa iende. Andika pale ulipojikwaa.

Usiende na habari zilizochacha. Kuna mwombaji aliyezungumzia Tigo Pesa usaili mzima wakati huduma ilishakuwa Mixx by Yas. Hakunyimwa kazi kwa hilo peke yake, lakini halikumsaidia.

Hatua ya 3: Kaa na watumiaji saa mbili

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayowatenganisha waombaji. Tafuta wakala wa miamala unayefahamiana naye, mweleze unachofanya, mwombe ukae pembeni ya kibanda. Nenda Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wengi.

Mimi nilikaa kwa jirani yangu karibu na stendi ya Moshi. Alikuja bibi mmoja, akafungua fundo la kitenge, akatoa simu ya vitufe na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kwenye kikaratasi kulikuwa na namba yake ya siri. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Nitolee elfu thelathini, mwanangu, uniangalizie na kilichobaki." Wakala hakushtuka hata kidogo. Akabonyeza, ujumbe ulipoingia akausoma kwa sauti, akahesabu noti tatu za elfu kumi. Bibi akazihesabu tena, kisha akasema, "Hebu nisomee tena hapo kwenye salio." Akasomewa. Akafunga fundo, akaenda zake kutafuta gari la Uru.

Yote hayo yalichukua kama dakika mbili. Sasa angalia yaliyomo. Namba ya siri si siri tena. Risiti yake ni sauti ya wakala, wala si ule ujumbe. Anamwamini mtu kuliko anavyoiamini kampuni. Na makato anayajua baada ya pesa kutoka, kamwe si kabla. Miezi michache baadaye niliulizwa kwenye usaili mwingine jinsi ya kupunguza utapeli kwa wazee, na nilikuwa na bibi wa kuanzia naye. Jibu langu halikuwa la kipekee, lakini lilikuwa na mtu ndani yake.

Angalizo: usiandike jina, namba ya simu wala namba ya NIDA ya mtu yeyote, na usipige picha daftari la wakala. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na msaili makini anaweza kukuuliza hayo uliyapataje.

Hatua ya 4: Jifunze kujibu swali la kubuni

Hapa kaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Swali huja hivi: "Buni kitu cha kumsaidia fulani", au "Boresha huduma fulani." Wanafunzi wa biashara tuna ugonjwa wetu hapa: tunakimbilia SWOT, yaani nguvu, udhaifu, fursa na vitisho vya kampuni. Tunagawa karatasi mafungu manne, tunajaza, tunajiona tumemaliza. Msaili hakuuliza hali ya kampuni. Ameuliza utafanya nini.

Mpangilio ninaoutumia mimi ni huu. Uliza maswali mawili au matatu ya kuweka mipaka. Chagua mtu mmoja. Simulia siku yake. Chagua tatizo moja. Toa njia tatu. Chagua moja na useme kwa nini. Sema unachokiacha kwa makusudi. Maliza kwa kipimo.

Tuchukue swali ambalo nimelitumia sana kwenye mazoezi: "Tuna programu ya akiba. Vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, haviitumii. Utafanya nini?"

Jibu dhaifu: "Nitaongeza vikumbusho, nitatafsiri kwa Kiswahili, nitaweka zawadi kwa kikundi kitakachojiunga."

Jibu lenye nguvu linaanza kwa kuuliza. Haviitumii maana yake havijajiunga, au vilijiunga vikaacha? Tunazungumzia vikundi vya mjini au vya vijijini? Msaili akisema vilijiunga vikaacha baada ya mwezi, na vingi ni vya akina mama wa vijijini, umeshapata nusu ya jibu, kwa sababu tatizo si matangazo.

Kisha mtu. "Nitamchukua mweka hazina wa kikundi cha akina mama ishirini na watano kule Kibosho. Wanakutana kila Alhamisi jioni. Kisanduku cha chuma kinawekwa mezani kikiwa na kufuli tatu, na funguo wanazo wanachama watatu tofauti. Mmoja asipokuja, kisanduku hakifunguki. Hisa zinanunuliwa mbele ya watu wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, kila mmoja anaona jina lake linaandikwa kwenye daftari."

Hapo simama kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini. Zile kufuli tatu ndiyo bidhaa yenyewe. Wale akina mama hawakukosa mahali pa kuweka pesa. Walichokitengeneza wao ni namna ya kutoibiana bila kulazimika kuaminiana kabisa. Sasa programu yetu imekuja na namba moja ya siri, imewekwa kwenye simu ya mwenyekiti. Kwa lugha yao, tumeng'oa kufuli mbili tukamwachia mtu mmoja ufunguo. Mimi nisingeshangaa kwamba waliacha.

Ukishafika hapo, njia zinajitokeza zenyewe. Ya kwanza: kila pesa inayotoka iidhinishwe na watu watatu, kila mmoja kwa simu yake, hata ya vitufe. Ya pili: kila muamala upeleke ujumbe kwa wanachama wote, ili daftari lionekane na kila mtu kama pale mezani. Ya tatu: acha pesa kwenye kisanduku, programu iwe daftari tu. Mimi ningechagua ya kwanza, nikaongeza kipande kidogo cha ya pili, na ningesema wazi kwamba mikopo ya kidijitali kwa mwanachama mmoja mmoja naiacha kwa sasa, ingawa ndiyo yenye faida ya haraka.

Msaili anayejua kazi yake atakubana: "M-Koba ya Vodacom si ipo tayari?" Usitetemeke. Sema ipo, sema unachokijua kuihusu, sema kikundi chako cha mfano kingekuwa na sababu gani ya kuja kwetu. Kama huioni, sema huioni, na upendekeze kwenda kuwauliza akina mama watano kabla injinia hajaandika mstari mmoja. Hilo nalo ni jibu, na mara nyingine ndilo bora zaidi.

Umegundua kitu? Mwanafunzi wa ushirika analijua jambo hili kuliko mhitimu wa kompyuta. Shangazi yako yumo kwenye kikundi. Umelala nyumba moja na kile kisanduku. Acha kuiga mifano ya teksi za San Francisco.

Makosa ninayoyaona sana hapa:

- Kuchagua "vijana" au "Watanzania wote" kama mtumiaji. Huyo si mtu.
- Kutaja akili bandia katika dakika ya kwanza.
- Kunyamaza dakika nzima ukifikiri. Omba sekunde thelathini, zitumie kuandika, kisha fikiri kwa sauti.
- Kutetea wazo baada ya msaili kukuonyesha shimo. Anataka kuona kama unaweza kufanya kazi na mtu anayekupinga.

Hatua ya 5: Makadirio

"Moshi mjini kuna bodaboda wangapi?" Hakuna anayejua jibu sahihi, na msaili naye hajui. Anataka kuona ngazi zako.

Sensa ya 2022 iliipa Manispaa ya Moshi watu 221,733. Sema laki mbili na elfu ishirini. Nadhani mtu mmoja kati ya watano anapanda boda mara moja kwa siku, kwa wastani: safari 44,000. Ongeza wanaoshuka kutoka Kibosho, Uru na Old Moshi kuja sokoni na hospitali, nikisie safari 16,000. Jumla 60,000. Boda mmoja akifanya safari 15 kwa siku, tunahitaji boda 4,000.

Usiishie hapo. Jikague kwa sauti: hiyo ni boda mmoja kwa kila wakazi hamsini na tano. Inaingia akilini? Nikiangalia vijiwe vya mjini, inaingia. Kisha taja kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Hapa ni ile "mmoja kati ya watano"; ikiwa ni mmoja kati ya kumi, jibu langu linashuka kwa zaidi ya theluthi. Namba tumezizoea darasani, kwa hiyo kosa letu si hesabu. Kosa letu ni kutoa namba yenye desimali ili ionekane ya kisomi.

Hatua ya 6: Vipimo

Kila wazo lako litafuatwa na "utajuaje limefanikiwa?" Ukijibu "idadi ya waliopakua", umejikwaa. Watu wanapakua, wanafuta, wanasahau. Kwa mfano wetu wa VICOBA ningepima vikundi vilivyokutana na kununua hisa kupitia programu kwa wiki nne mfululizo. Mwezi ni muda ule ule waliokuwa wakiacha, ndiyo maana.

Weka na kipimo cha kukulinda, kinachopiga kelele ukiharibu kitu kingine: mfano, ni mara ngapi mama alihitaji pesa ya dharura ikachelewa kwa sababu mmoja wa wale watatu simu yake ilikuwa imezimwa.

Hatua ya 7: "Namba zimeshuka, kwa nini?"

Hili linapendwa sana na mabenki na mitandao ya simu. Miamala imeshuka asilimia 20, utafanya nini? Fuata njia ya fundi: kabla ya kufungua injini, angalia kama mafuta yapo.

Uliza namba yenyewe ni sahihi au ripoti imekosewa. Uliza imeshuka ghafla au kidogo kidogo. Uliza ni mikoa yote au mmoja, ni simu za vitufe au simujanja, ni wateja wapya au wa zamani. Uliza sisi tulibadilisha nini wiki hiyo. Mwisho uliza nje kulitokea nini.

Usisahau hiyo ya nje. Julai 2021 serikali ilianzisha tozo kwenye miamala ya simu, na kufikia Septemba mwaka huo huo ilikuwa imezipunguza kwa asilimia 30 baada ya watu kulalamika. Meneja ambaye wakati ule angekaa anakagua rangi ya vitufe angekuwa anapoteza mshahara wa kampuni.

Na kuna msimu. Msaili akikwambia miamala ya Kilimanjaro imeporomoka Januari, cheka kwanza moyoni. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, Moshi inajaa magari ya namba za Dar, mbuzi wanaisha, pesa inazunguka usiku na mchana. Januari wote wameondoka, na waliobaki wanatafuta ada. Linganisha Januari na Januari iliyopita, kisha ndiyo tuongee.

Hatua ya 8: Chimba hadithi zako

Tafuta hadithi tano au sita za kweli: ulipogombana na mwenzako kikazi, uliposhindwa, uliposhawishi watu wasio chini yako, ulipofanya uamuzi bila taarifa za kutosha, ulipoacha kitu ulichokipenda. Kila moja iingie kwenye dakika mbili: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulifanya nini, kikatokea nini.

"Lakini sina uzoefu." Unao. Fildi uliyofanya kwenye SACCOS ukakuta fomu ya mkopo ina kurasa sita na watu wanaikimbia. Biashara ya mitumba ya Kiborloni uliyoiendesha kwa WhatsApp ukiwa mwaka wa pili. Kundi la kazi ya darasa ambamo watu wawili hawakufanya chochote. Hizo zote ni bidhaa, wateja na mivutano.

Tatizo letu kubwa hapa ni neno "tulifanya". Tumelelewa hivyo, kujisifu ni utovu wa adabu, kwa hiyo hata kazi uliyokesha nayo peke yako utaisema kwa wingi. Msaili anasikiliza "tulifanya, tukaona, tukaamua" mpaka mwisho, na hajui wewe ulikuwa wapi. Si lazima ujitutumue. Sema, "Kundi lilikuwa la watu watano. Kazi yangu ilikuwa kuongea na wateja. Niliongea na kumi na wawili, na mimi ndiye niliyependekeza tuikate ile fomu." Heshima imebaki na ukweli umeonekana.

Hatua ya 9: Ufundi wa kutosha

Huhitaji kuandika programu. Unahitaji kuelewa mifumo inavyoongea. Chukua mfano wa LUKU. Unalipa kwa simu. Mfumo wa malipo unapeleka ombi kwenye mfumo wa umeme, unarudishiwa tokeni ya tarakimu 20, unapata ujumbe. Sasa jiulize: pesa ikikatwa, tokeni isirudi, mteja aone nini kwenye simu? Akirudia kulipa, atakatwa mara mbili? Nani anajua ukweli, upande wa malipo au upande wa umeme? Ukiweza kuliongea hilo dakika tano, injinia aliye kwenye chumba cha usaili atatulia. Jifunze pia kusoma jedwali kubwa kwenye Excel bila kupepesa, na maswali mepesi ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kama muda upo.

Hatua ya 10: Fanya mazoezi kwa sauti, kwa lugha mbili

Usaili mwingi wa kazi hizi hufanyika kwa Kiingereza, lakini mteja unayemweleza anaishi kwa Kiswahili. Fanya kila swali mara mbili. Kwanza kwa Kiswahili, mpaka hoja ikae sawa. Kisha kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi. Wengi wanafanya kinyume, wanakariri sentensi ndefu za kigeni, na msaili akibadilisha swali kidogo tu jengo zima linaanguka.

Mkiwa watatu, mmoja asaili, mmoja asailiwe, wa tatu aandike tu. Dakika 25 kila mmoja, saa iwekwe mezani. Jirekodi na ujisikilize, hata kama sauti yako mwenyewe inakukera. Mimi niligundua nilikuwa nasema "kimsingi" kila baada ya pumzi mbili.

Mara 15 kwa sauti zinatosha kuanza kujiamini. Kusoma majibu kimyakimya hakuhesabiki hata mara moja.

Hatua ya 11: Siku yenyewe

Kama ni kwa video, usitegemee umeme wala utulivu wa bwenini. Omba chumba tulivu chuoni, simu ijae chaji, mtandao wa laini ya pili uwe tayari. Kama ni Dar, ondoka siku moja kabla. Kutoka Moshi ni zaidi ya kilomita 500; basi likiharibika njiani utafika jioni na suti imekunjamana.

Nenda na maswali mawili ya kuwauliza wao. Ninalolipenda mimi: "Ni kitu gani mlikitengeneza mwaka huu mkakijutia?" Jinsi wanavyojibu itakwambia kama unataka kufanya kazi pale.

Ukikwama

*Nimesahau kila kitu katikati ya jibu.* Rudi kwa mtu wako. "Naomba nirudi kwa mweka hazina wetu." Ukimkumbuka yeye, utakumbuka ulikuwa unaelekea wapi.

*Msaili ananikatiza kila dakika.* Mara nyingi anakusaidia, anakuondoa kwenye njia isiyo na alama. Fuata anakokuelekeza. Usiseme "naomba nimalize kwanza."

*Wameuliza bidhaa ambayo sijawahi kuitumia.* Sema hivyo, kisha omba akueleze kwa sentensi mbili. Kujifanya unaijua kunaonekana baada ya swali la pili.

*Kiingereza kinakata.* Punguza kasi. Tumia sentensi ya maneno kumi. Neno likikupotea, lieleze kwa maneno mepesi uendelee. Hakuna anayesahihisha insha.

*Wamenipa kazi ya kufanyia nyumbani.* Uliza wanatarajia utumie saa ngapi, na usizidishe sana. Kurasa tatu zenye mahojiano ya watu watano halisi zinazishinda slaidi thelathini. Wakitaka mpango kamili wa mwaka wa bidhaa yao halisi, na bado hujakutana na mtu yeyote kutoka kwao, una haki ya kuuliza utatumikaje.

*Wameniuliza mshahara.* Waulize kwanza wametenga kiwango gani. Wakikurudishia swali, taja kiwango cha chini na cha juu ulichokwisha kuwauliza watu wawili watatu wenye kazi kama hiyo, si ulichokiota usiku.

*Wiki mbili zimepita, kimya.* Tuma ujumbe mmoja mfupi wa kuuliza. Wiki ya tatu tuma wa pili, uombe na maoni juu ya ulipopungukiwa. Baada ya hapo usipige simu tena. Ila yale maswali uliyoulizwa yaandike kwenye daftari jioni ile ile ya usaili, ukiwa bado kwenye basi, kwa sababu wiki ya tatu utakuwa umeyasahau na mwenzako wa mazoezi atayahitaji.